Chupa Moja, Sindano Hamsini

Naanza makala haya kwa kuungama. Sikukuu ya Krismasi, miaka michache iliyopita, ukoo wetu ulikutana kijijini nyumbani kwa mama, kama ilivyo desturi yetu. Baada ya chakula mjomba wangu mmoja, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akilalamikia kiu isiyoisha na kuamka usiku kwenda haja ndogo, aliniomba nimpime sukari. Mimi naishi na kisukari kwa mwaka wa tisa sasa, na huwa sisafiri bila mashine yangu ya kupimia. Nikampima. Shangazi akaona, naye akaomba. Jirani aliyekuja kutusalimu akasogeza kiti. Haikupita nusu saa pale barazani palikuwa na foleni, nami nikajiona mtu wa maana sana kwa jamaa zangu.

Stripu nilibadilisha kwa kila mtu, kwa sababu stripu iliyokwisha kunywa damu haisomi tena. Lanseti, yaani kile kisindano cha kutobolea kidole, sikuibadilisha. Nilikuwa nayo moja tu, ileile niliyokuwa nikiitumia mwenyewe tangu mwezi wa kumi. Baada ya kila kidole niliipangusa kwa pamba yenye spiriti, nikaridhika kwamba nimetimiza wajibu.

Aliyenisimamisha ni binti wa kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akatazama kidogo, akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini ili asiniaibishe mbele ya wazee: "Baba mdogo, hiyo sindano umebadilisha?"

Nikamjibu kwamba nimeifuta.

"Sijauliza kama umeifuta," akasema.

Nilikuwa nimekwisha kuwachoma watu saba. Ilinibidi niwaite mmoja mmoja, wakiwemo wakwe, niwaeleze nilichokifanya na kuwaomba tuongozane kituo cha afya tukapime virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Tulipima, na baada ya miezi kadhaa tukarudia. Sote tulitoka salama. Lakini msomaji mwenye uzoefu wa utumishi wa umma anajua kwamba bahati si mpango. Mtu mwenye shahada ya uzamivu, mwenye bima, mwenye mashine yake na mwenye uwezo wa kusoma karatasi ya maelekezo katika lugha mbili, alikuwa ameifanya damu ya ukoo mzima kuwa moja kwa maana ambayo wahenga hawakuikusudia.

Nimekaa na aibu hiyo muda mrefu, na leo nataka kuitumia. Kuna swali ambalo kila anayeishi na kisukari huulizwa kliniki: je, unabadilisha sindano na lanseti kila unapotumia? Majibu tunayoyatoa kwa kawaida si ya kweli. Nadai katika makala haya kwamba tunasema uongo kwa sababu swali lenyewe huulizwa kwa namna ya lawama, na kwamba lawama hiyo inaficha kosa kubwa zaidi lililo nje ya chumba cha mgonjwa: tumejenga utaratibu unaohesabu dawa bila kuihesabu sindano yake.

Nitangulize angalizo. Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa falsafa, na kazi yangu ni kufundisha sera za umma. Anayetumia insulini aongozwe na muuguzi na daktari wake. Ninachokieleza ni kile ambacho raia anaweza kukiona na kukijadili.

Neno "kurudia sindano" linabeba matendo matatu yasiyolingana, nasi tumezoea kuyatia kapu moja.

Tendo la kwanza ni lile nililolifanya barazani: sindano moja kuingia katika miili ya watu wawili au zaidi. Hili halina udhuru wala kiwango cha kuvumilika. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na tone la damu linalotosha kuvibeba ni dogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Nchini Marekani, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC) kimeandika habari za milipuko ya ugonjwa huo katika nyumba za kutunzia wazee, chanzo kikiwa vifaa vya kutobolea vidole vilivyotumiwa kwa zaidi ya mtu mmoja wakati wa kupima sukari. Huko walikuwapo wahudumu wenye mafunzo na glavu mikononi. Sisi tulikuwa kwenye mkeka.

Tukumbuke pia kwamba Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini aina ya B mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Sasa watazame wanaopanga foleni mbele ya mashine ya sukari ya jirani: ni wajomba, mashangazi na bibi zetu. Rika linalopimwa zaidi ndilo lenye kinga ndogo zaidi. Na desturi ya mashine moja kuhudumia mtaa mzima ipo, wala haitokani na ujinga. Inatokana na upendo, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuikemea.

Tendo la pili ni mtu kurudia sindano yake mwenyewe kwa mazoea, ilhali nyingine anayo. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilikuwa na mwenzangu aliyekuwa na kisukari tangu utotoni. Nchi yake ilimpa lanseti bure kwa mamia. Hata hivyo alipenda kutania kwamba hubadilisha lanseti mara mbili kwa mwaka: siku serikali yao inaposogeza saa mbele, na siku inapozirudisha nyuma. Nilicheka, kisha nikamwiga. Huko wanajua kwamba kwenye pakiti pameandikwa kuwa kifaa kitumike mara moja tu. Hapa kwetu tunajua vilevile. Kubadilisha lanseti ni kazi ndogo ya sekunde ishirini, lakini kazi ndogo inayorudiwa mara nne kwa siku, kila siku, hadi kufa, huacha kuwa ndogo. Wasiougua ugonjwa huu wajaribu kuliwaza hilo kabla ya kutuita wazembe.

Tendo la tatu nililielewa ofisini kwangu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuja kuniomba aongezewe siku za kuwasilisha kazi. Aliposogeza mkoba, ikadondoka bomba ya sindano ya insulini, ile ndogo ya plastiki yenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Aliiokota haraka, akatazama chini, kama mtu aliyekamatwa na karatasi ya majibu katika chumba cha mtihani. Nikatoa mashine yangu mezani, nikamwonyesha. Ndipo akaketi vizuri.

"Dokta, shikamoo tena," akasema, tukacheka.

Alinieleza kwamba insulini anaipata kliniki bila malipo, ila sindano anajinunulia. Zinapokwisha kabla ya fedha za kujikimu kuingia, sindano moja humfikisha siku saba, mara mbili kwa siku. Nikamuuliza anajuaje kwamba imechoka. Akanijibu kama mhandisi: "Siku ya kwanza siisikii. Siku ya nne inauma. Siku ya sita inakwama kwenye ngozi, lazima niisukume. Ya saba naiombea tu." Kliniki akiulizwa, husema anabadilisha kila siku. Aliwahi kusema kweli mara moja, akafokewa mbele ya wagonjwa wenzake. Hakurudia kosa hilo, alirudia sindano.

Mimi na yeye, tukipimwa kwa kipimo cha pakiti, tuna hatia moja. Sote tumetumia zaidi ya mara moja kitu kilichoandikwa "mara moja". Lakini mimi nilikuwa na boksi zima kabatini, na yeye alikuwa akichagua kati ya sindano na chakula cha jioni. Sera isiyoweza kututofautisha sisi wawili haiwezi kumsaidia yeyote kati yetu.

Je, kurudia sindano yako mwenyewe kuna madhara kweli? Hapa tuseme kweli hata pale inapotunyima hoja rahisi. Maambukizi yanayotokana na mtu kurudia sindano yake mwenyewe, mwenye kuosha mikono na kuihifadhi vizuri, hayajaonekana kuwa tatizo kubwa kama tunavyotishwa. Chama cha Kisukari cha Marekani kiliwahi kueleza katika mwongozo wake wa miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba mgonjwa akitaka anaweza kurudia sindano yake, mradi aitupe inapokuwa butu, inapopinda au inapogusa kitu kingine zaidi ya ngozi. Wenye viwanda wanasisitiza mara moja tu, nao wana faida katika kila sindano inayouzwa. Mwanafunzi wangu wa sera asipoliona hilo nitampunguzia alama.

Lakini madhara yapo, na yanaingia kwa mlango mwingine. Sindano za siku hizi ni nyembamba mno, na ncha yake hupakwa mafuta laini ya silikoni ili iteleze. Ikitumika mafuta hayo hupungua na ncha huanza kuharibika; ukiifuta kwa spiriti unayaondoa kabisa, ndiyo maana usafi wangu wa barazani haukuwa usafi. Tafiti nyingi zimeonyesha uhusiano kati ya kurudia sindano na vinundu vya mafuta vinavyoota chini ya ngozi, hasa mtu asipohamisha mahali pa kuchoma. Vinundu hivyo haviumi, kwa hiyo mgonjwa huvipenda na kuendelea kuchoma papo hapo. Tatizo ni kwamba insulini ikiingia humo hufyonzwa bila mpangilio. Sukari inapanda, daktari, asiyejua habari za kinundu, anaongeza dozi. Siku moja mgonjwa anachoma mahali pazima kwa dozi ileile kubwa, na sukari inashuka ghafla hadi anaanguka. Mwanafunzi wangu alipogusa paja lake la kushoto na kusema "hapa pamekuwa pagumu kidogo lakini hapaumi," nilijua kwamba sindano aliyoibania ilikuwa ikimla insulini.

Huo ndio uchumi wa jambo hili. Sindano iliyookolewa inalipwa kwa dawa iliyopotea, kwa kitanda cha wodi na kwa siku za masomo. Gharama haikufutika, imehamishwa kutoka kwenye daftari la stoo kwenda kwenye mwili wa mtu.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Chupa ya kawaida ya insulini ina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Jumla yuniti 1,000. Mgonjwa anayechoma yuniti 20 asubuhi na 20 jioni ataimaliza kwa siku 25. Katika siku hizo amejichoma mara 50. Kwa hiyo chupa moja ni sindano 50. Kwa mwaka mgonjwa huyo anahitaji sindano 730. Akipima sukari mara mbili kwa siku, anahitaji lanseti nyingine 730. Anayechoma mara nne kwa siku, kama watoto wengi wa kisukari cha aina ya kwanza wanavyopaswa, anahitaji sindano 1,460. Tuseme sindano moja inauzwa shilingi 300: yule wa mara mbili kwa siku atatumia shilingi 219,000 kwa mwaka kwa plastiki na chuma tu, kabla hajanunua stripu hata moja. Tusimuulize tena mgonjwa kwa nini harudi na jibu tunalolitaka. Tumuulize aliyeagiza chupa: sindano 50 ziko wapi?

Jibu la kiutawala ninalifahamu. Insulini ni dawa. Ilikuwamo katika orodha ya kwanza kabisa ya dawa muhimu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Ina mstari wake katika bajeti, ina mfamasia wake, na ikikosekana gazeti litaandika. Sindano ni kifaa. Huangukia meza nyingine, fungu lingine, na mara nyingi afisa mwingine. Sindano zikiisha insulini ikiwepo, taarifa ya mwezi itasomeka kwamba dawa ipo. Na ni kweli ipo. Imekaa ndani ya chupa. Lakini insulini haimezwi. Tumboni huharibiwa kama chakula kingine chenye protini. Bila sindano, chupa hiyo ni maji ya bei ghali.

Ni ajabu kwamba tumefika hapa, maana historia ya sindano katika nchi hii imekwisha kutufundisha mara mbili. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Mwaka 1923 wagunduzi waliiuzia haki zao Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa isiwe mateka wa mtu. Kwa miongo mingi baada ya hapo kurudia sindano ndiyo ilikuwa sheria: mabomba yalikuwa ya kioo, sindano za chuma nene, zikichemshwa na kunolewa kwenye jiwe. Muuguzi mstaafu wa kijijini kwetu anaikumbuka sufuria ya sindano juu ya jiko la mafuta ya taa. Hakuna aliyeitwa mzembe.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata sisi tuliokuwa watoto tulijifunza kwamba sindano na wembe havichangiwi. Nakumbuka mama akipitia duka la dawa kununua bomba jipya kabla ya kunifikisha hospitali. Nakumbuka kila mmoja akienda na wembe wake kwa kinyozi. Taifa lilibadili tabia ya mamilioni ya watu ndani ya kizazi kimoja, kwa redio, kwa mabango na kwa mahubiri. Funzo la kwanza ni hilo: watu hubadilika wakielezwa hatari kwa heshima na kwa lugha yao. Kilichosahaulika ni kuiongeza lanseti katika orodha ile ya wembe na sindano. Mtu ambaye hawezi kuazima wembe wa jirani atanyoosha kidole kwa lanseti ya jirani bila wasiwasi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kilekile.

Funzo la pili linatoka katika chanjo. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2003 chanjo zote za sindano zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya matumizi ya mara moja. Pamoja na hilo ulisisitizwa utaratibu ambao mimi nauona kuwa miongoni mwa mawazo bora ya utawala wa afya: chanjo isisafirishwe peke yake. Chanjo, mabomba yake kwa idadi inayolingana, na boksi gumu la kutupia sindano vihesabiwe kuwa kitu kimoja. Kikikosekana kimoja, shehena haijakamilika. Ndiyo maana leo mama anayempeleka mtoto kliniki hamuulizi muuguzi kama sindano ni mpya. Swali hilo lilikwisha kujibiwa stoo.

Kwa nini tusifanye hivyo kwa insulini? Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64. Si wote wanaohitaji insulini, lakini ugonjwa huu si wa matajiri wachache tena. Ninachopendekeza si mradi wa wafadhili wala semina ya siku tatu. Ni kanuni ya stoo: chupa moja ya insulini isihesabiwe kuwa imetolewa mpaka iambatane na sindano 50, kopo la stripu 50 liambatane na lanseti 50, na mgonjwa apewe dumu gumu lenye kifuniko, au aelekezwe atumie lake, na kulirudisha kliniki likijaa.

Hilo la dumu lisionekane dogo. Sindano 730 za mgonjwa mmoja zikiingia katika mfuko wa taka za nyumbani, atakayezikuta ni kijana anayesukuma mkokoteni wa taka akiwa na ndala miguuni. Tukidai sindano mpya bila kudai mahali pa kuzitupa, tutakuwa tumeihamisha hatari kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa maskini mwingine.

Nasikia pingamizi tatu. La kwanza ni kwamba fedha hazitoshi. Inawezekana. Lakini kama hazitoshi, bajeti iseme wazi kwamba tunanunua matibabu nusu, tujadili kama taifa, badala ya kumwachia mwanafunzi mmoja afanye hesabu hiyo juu ya paja lake.

La pili ni kwamba tulete mabomba yanayojifunga kwa kila sindano, mchezo uishe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilihimiza nchi zihamie kwenye mabomba yenye kinga ya namna hiyo, na kwa sindano za hospitali hoja ni nzito. Kwa mgonjwa anayejidunga nyumbani naomba tahadhari. Bomba linalokataa kutumika mara ya pili, likitolewa kwa idadi pungufu, halimzuii mtu kurudia sindano tu. Linamzuia kupata dozi. Idadi itangulie, kufuli lifuate.

La tatu ni kwamba hata wakipewa wapo watakaoendelea kurudia. Ndiyo, wapo, mmoja wao ndiye aliyeandika makala haya. Lakini uzembe wa mwenye navyo hauwezi kuwa sababu ya kumnyima asiye navyo. Na siku kila mgonjwa atakapokuwa na sindano za kutosha mkononi, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumuuliza kuhusu tabia yake.

Kwa wanafunzi wangu: mashine ya sukari inapozunguka bwenini kwa mzaha, kila mtu na lanseti yake, na kifaa cha kutobolea kisichangiwe hata kama sindano ya ndani imebadilishwa. Anayeishi na kisukari miongoni mwenu asifichwe wala kufichuliwa. Aachiwe nafasi ya kuchoma sindano yake bila kwenda chooni. Na wewe unayerudia kwa kukosa, usimpe mwingine sindano yako kamwe, osha mikono kwa sabuni, usiifute kwa spiriti, hamisha mahali pa kuchoma, na itupe inapoanza kuuma. Kisha mwambie muuguzi wako ukweli, hata kama mara ya kwanza ulifokewa.

Kwa wanaharakati: tumezoea kuandamana kwa ajili ya dawa. Tujifunze kudai vitu visivyo na jina kubwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo. Sheria ni chombo, na kilichomo ndani yake ni kitita cha mafao. Someni kitita mstari kwa mstari. Mkiona "insulini" bila "sindano", mkiona "kipimo cha sukari" bila "lanseti", hapo ndipo pa kupaza sauti. Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, tunaadhimisha Siku ya Kisukari Duniani kwa fulana na matembezi. Mwaka huu tuibebe hesabu ya chupa moja na sindano hamsini.

Kwa watumishi wa umma, hasa wafamasia wa wilaya, waganga wakuu na ninyi mnaojaza fomu za maoteo ya mahitaji: wengi wenu niliwafundisha, na najua hamwandiki sera. Lakini mnaandika idadi. Mnapoagiza chupa mia mbili, andikeni mstari wa pili: sindano elfu kumi. Hata mkikataliwa, kukataliwa kwa maandishi ni ushahidi ambao siku moja mtu atautumia. Nanyi wauguzi, nawaomba mbadilishe swali. Badala ya "Unabadilisha sindano?", ulizeni "Mwezi huu ulipata sindano ngapi?" Swali la kwanza linamfanya mgonjwa aombe msamaha. La pili linakupa takwimu.

Yule mwanafunzi amekwisha kuhitimu. Sindano alizozihitaji kwa muhula wake wa mwisho zilipatikana kwa mchango wa walimu wanne, jambo lililotufurahisha na ambalo halikupaswa kuhitajika. Binti wa kaka yangu sasa ni muuguzi katika kituo cha afya cha wilayani. Krismasi iliyopita alikaa barazani pembeni ya mjomba, ambaye kweli alikutwa na kisukari, akafungua pakiti mpya ya lanseti na kuweka dumu tupu la mafuta ya kula chini ya kiti. Wazee walipanga foleni kama zamani. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majibu kwenye daftari.

Foleni ilipoisha nikamuuliza kama kituoni kwao wanazo lanseti za kutosha kuwafanyia wagonjwa wote hivi. Akafunga kifuniko cha dumu kwanza.

"Hizi nilinunua mwenyewe, baba mdogo," akasema.